Tupeane uzoefu: mnaocheza badminton ya kujifurahisha hapa Dar, mlipokelewaje na kundi lenu linaendaje?

Mleta mada (Upanga)

Wakuu habari za jioni. Simba na Yanga tunaziongelea kila siku, leo naomba tuongelee badminton, ile ya kujifurahisha, sio ya mashindano. Mimi nacheza na kundi moja hapa Upanga, tunakodi ukumbi wa shule usiku, tunachanga hela ya ukumbi na ya vinyoya, vile vidude vyenye manyoya tunavyopiga kwa raketi badala ya mpira. Humo kuna dereva bajaji, kuna wahasibu, kuna wanachuo, kuna mzee mmoja wa Kihindi anapiga dropu, ile ya taratibu inayodondoka karibu na neti, mpaka unabaki umesimama unaiangalia tu.

Kilichonifanya nibaki ni zamu. Kwetu hakuna cha mkali kukaa uwanjani mpaka achoke. Raketi zinapangwa chini ukutani kwa foleni, nne za mbele ndo zinaingia, mkimaliza gemu wote mnatoka, umeshinda umefungwa, raketi yako inarudi mwisho. Gemu ni pointi 21, ila watu wakijaa tunacheza mpaka 15 ili foleni itembee. Na mgeni lazima apewe patna anayejua, hiyo haina mjadala.

Kabla ya hapo nilikuwa kundi jingine, silitaji, huko mshindi anabaki. Sasa piga picha, wale wanne wanaojua wanazunguka wenyewe kwa wenyewe, wengine mmelipa hela ileile mnachezea simu kwenye benchi. Watu wapya walikuwa wanakuja mara moja hawaonekani tena na hakuna hata mtu aliyekuwa anawauliza kulikoni. Iliniuma sana kwa sababu mchezo wenyewe ni mzuri na hauchagui mtu. Leteni za kwenu wakuu.

Mdau wa Sinza

Asante kwa uzi huu. Sisi hatuna ukumbi, tunacheza nje kwenye uwanja wa mtaa. Kaka mmoja fundi ujenzi ndo alitupimia uwanja kwa futi kamba, mita 13.4 kwa 6.1, mistari tukachora kwa chokaa, neti tumefunga upande mmoja kwenye mwarobaini na upande mwingine kwenye nguzo ya chuma, juu ya nguzo ni mita 1.55 na katikati inashuka kidogo.

Adui yetu ni upepo. Inabidi kumi na mbili asubuhi tuwe tumeshaanza, maana jua likishapanda na upepo wa bahari ukiamka kinyoya kinaenda kinakotaka chenyewe, unapiga kilifti cha kawaida, ile ya kukiinua juu kiende nyuma, kinatoka nje mita mbili. Kwa hiyo katikati ya gemu tunabadilishana upande, ukifika 11 mnahama, wote muonje upepo.

Kuna mama jirani yetu alikuwa anapita na ndoo yake ya vitumbua kila asubuhi, anasimama dakika mbili anaangalia anaondoka. Siku moja binti mmoja wa kundi akamwambia mama shika hii raketi jaribu. Akafunga kanga vizuri kiunoni, akapiga sevu ya kwanza ikapita juu ya neti safi kabisa, uwanja mzima tukapiga kelele! Sasa hivi anauza vitumbua vyake anamaliza mapema anakuja kucheza dabo, wawili kwa wawili, na miguu yake ni myepesi kuliko ya wengi wetu. Hatumtozi kitu na hakuna aliyewahi kulalamika.

Mdau wa Kariakoo

Niongelee vinyoya maana huko ndo makundi mengi yanavunjikia. Kinyoya cha manyoya halisi kina manyoya 16, ya bata au bata bukini, kinaruka vizuri kweli ila mtu anayejifunza akikipiga kwa fremu mara tatu nne kimeisha. Kwenye kundi letu ugomvi ulikuwa hapo, wanaojua wanataka manyoya, wanaoanza wanasema hela inaishia wapi. Tukakubaliana hivi: mchango wa wote unanunua vya nailoni, wanaotaka manyoya wananunua vyao wanachezea koti la pili. Kelele zikaisha siku hiyohiyo.

Halafu mkienda kununua vya nailoni angalieni ule utepe pale kwenye kichwa cha kizibo. Kijani ni ya taratibu, bluu ya kati, nyekundu ya kasi. Kwa joto la Dar chukueni kijani, hata Yonex kwenye Mavis zao kijani wameiweka kwa joto la nyuzi 22 mpaka 33, ndo hali yetu. Hewa ya joto ni nyepesi kwa hiyo kinyoya kinasafiri mbali zaidi, ukichukua nyekundu kila kliya, ile ya juu ya kupeleka mpaka nyuma, itakuwa inatoka nje, mtu anayeanza anajiona hawezi kumbe tatizo ni kinyoya.

Mdau wa Tabata

Huko kwenu ukumbini feni mnafanyaje? Kwetu wengine wanataka ziwashwe joto linaua, wengine wanasema zinapeperusha kinyoya.

Mleta mada (Upanga)

Tunazima wakati wa gemu mkuu, tunawasha mkitoka. Madirisha ya juu yanabaki wazi. Ukija beba taulo na maji ya kutosha.

Mdau wa Ilala

Vijana wangu, mimi nimevuka sitini na bado nacheza. Nimeanza enzi zile ukishinda rali, yaani kile kipande cha kupigiana mpaka kinyoya kidondoke, kama sevu haikuwa yako hupati pointi, unapata sevu tu, gemu moja inaweza kuchukua nusu usiku. Walibadilisha 2006 ndo ikawa kila rali pointi, na kwa kundi lenye foleni ndefu yale mabadiliko ni mazuri.

Ninachoomba muangalie ni viatu. Kwetu alikuja kijana na raba za kukimbilia, zile zenye soli nene laini, zimetengenezwa kwenda mbele tu. Badminton unakwenda pembeni unasimama ghafla. Akafuata smashi, lile pigo kali la kushusha chini, upande wa kulia, kifundo kikageuka, tukasikia wote. Gemu zote zikasimama, wawili wakambeba mpaka kwenye bajaji, mwingine akakaa naye hospitali mpaka usiku, na kwenye grupu la WhatsApp watu wakachanga hela ya picha na dawa kabla hajarudi nyumbani. Amepona, anacheza. Tafuteni soli bapa ya mpira isiyoteleza, na pasheni viungo kabla hamjashika raketi.

Mdau wa Sinza

Shikamoo mzee wetu. Hili la viatu nalipeleka kwenye grupu letu sasa hivi.

Mdau wa Kigamboni

Nimesoma zote. Mimi sijawahi kushika raketi na huku niliko sijaona kundi. Mgeni kabisa mnapokea kweli? Nikivuka na pantoni Jumamosi jioni naweza kuja Upanga?

Mleta mada (Upanga)

Njoo kabisa mkuu, nimekutumia inbox ukumbi ulipo. Raketi usinunue kwanza, kwenye begi la kundi zipo za ziada, chukua ile yenye gripu ya kijani ndo nyepesi. Siku ya kwanza hulipi. Wahi kabla ya saa moja, tunafunga neti pamoja, halafu utaanza na mimi.