UK: shifti zimekata na mbwa anaumwa jino, kuna msaada wowote kabla sijamtoa?

MamaChapati
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Niko Leicester, nafanya kazi za kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), na tangu kampuni ipoteze mkataba na kaunsili (halmashauri ya hapa) shifti zimekuwa za kubahatisha, kuna wiki simu hailii kabisa. Nna mbwa anaitwa Chapati (jina kampa mwanangu, msinicheke), na sio mbwa wa pambo yani, tulivyohamia huku dogo alikuwa haongei shuleni kabisa, mbwa ndo alianza kuongea naye kizungu, kwaio kumtoa sio kama kutoa kochi. Sasa jino limeoza, analia akitafuna, kliniki wakasema kung'oa pamoja na nusukaputi pauni mia sita na kitu, bima sina. Rafiki angu ananiambia mtupie Facebook mtu amchukue bure yaishe. Nimesikia kuna chariti zinasaidia watu wabaki na wanyama wao, ila mie niko kwenye viza ya kazi na imeandikwa siruhusiwi fedha za umma, naogopa nikiomba msaada wa mbwa kesho Home Office (wale wa uhamiaji) waje waseme nimekula benefiti, yani posho za serikali. Kuna aliyepita hii njia?

Bi_Zuhura
Dada pole sana. Nianze na hilo la viza mana ndo linawanyima watu wengi usingizi bure: fedha za umma ni zile zilizoorodheshwa kwenye sheria za uhamiaji, Universal Credit, child benefit, housing benefit na wenzake, pamoja na nyumba za kaunsili. Chariti haimo. Benki ya chakula haimo. Ukipewa mfuko wa chakula cha mbwa na kanisa au na chariti ya wanyama hujavunja kitu, ni msaada wa watu, sio wa serikali.

Shida yako iko kwingine. Chariti kubwa ya matibabu ya wanyama wa watu wa kipato cha chini ni PDSA, ya zamani hiyo, alianzisha mama mmoja Maria Dickin mwaka 1917 kule Whitechapel London, watu walikuwa maskini na wanyama wao wanakufa na magonjwa ya kutibika. Leo wana hospitali zao zaidi ya 40 nchi nzima. Lakini wanakupima kwa vitu viwili, postikodi yako na benefiti unayopokea. Wewe benefiti huruhusiwi kupokea, kwaio unaweza kuwa na njaa kuliko jirani ako na bado mlango ukawa mgumu kwako. Sio ubaguzi wa makusudi, ndo kipimo chao kilivyokaa, ila kwa wenye viza kama yako kinauma. Usijikatie tamaa lakini, ingia tovuti yao ujaze ile fomu ya kuangalia vigezo halafu wapigie na simu.

Wa pili RSPCA, chariti ya kutetea wanyama. Watu hawajui kwamba matawi yale kila moja ni chariti yake, lina hela zake na masharti yake, tawi moja watakupa vocha ya kuchangia bili, la jirani hawana hata senti. Kwaio usipige namba ya taifa ukaambiwa hapana ukakata tamaa, tafuta tawi lako. Blue Cross nao wana hospitali ila chache, na wana benki ya chakula cha wanyama, hiyo chakula ni rahisi kupata kuliko matibabu. Na benki nyingi za chakula za binadamu siku hizi zinakuwa na kopo za mbwa pembeni, uliza tu, usione haya.

Mkurya_Original
Samahani wadau lakini mi nacheka. Pauni mia sita jino la mbwa, huku mtu anang'olewa gego anarudi shamba. Uza mbwa tuma hela nyumbani tujenge.

Doto wa Musoma
@Mkurya_Original kaka na wewe wa Mara unasema hivyo? Vijiji vya kuzunguka Serengeti mbwa wanachanjwa kichaa bure miaka na miaka, gari linakuja, vipaza sauti, watoto wanatoka na mbwa wamewafunga kamba za katani, wengine wamewabeba mgongoni, hakuna mzazi anaulizwa una kipato gani. Na hakuna aliyefanya hivyo kwa kupenda mbwa tu. Ukichanja kama asilimia 70 ya mbwa wa eneo kichaa kinakosa pa kupita, watoto hawafi. Na 1994 ugonjwa wa mbwa, ule wa distempa, uliingia hifadhini ukaua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, wataalamu wengi wakanyooshea kidole mbwa wa vijijini. Mbwa wa maskini akiachwa bila huduma gharama analipa mwingine. Hebu mwache dada apate majibu.

Mkurya_Original
Haya mwalimu nimekaa. Jino lakini halina kichaa 😂

kea_wa_usiku
MamaChapati mie kea mwenzio, niko Derby. Hii biashara tunaiona kila siku kwa wateja wetu, bibi ana paka wake wa miaka, anaingia hospitali na kitu cha kwanza anauliza sio mguu wake, paka kala? Kuna watu wanaitwa Cinnamon Trust, tangu 1985, wana wajitolea wanaotembeza mbwa wa wazee na wagonjwa mahututi, ukilazwa wanamchukua mnyama wakae naye mpaka urudi. Sio kwa hali yako wewe, ila kama mteja wako anaanza kusema "nadhani nimtoe tu" mpe hiyo namba kabla hajatoa. Mwingine anayesoma hapa anakimbia mume mkorofi, chariti ya mbwa Dogs Trust wana mpango unaitwa Freedom, mbwa anakaa kwa familia ya kumlea kwa siri mpaka upate pa kuishi, wa paka Cats Protection wana ya kwao. Nimeona dada zetu wanabaki kwenye nyumba ya kipigo sababu makazi ya dharura hayapokei mnyama. Na wanaolala nje wana StreetVet, madaktari wa kujitolea walioanza 2016, wanatibu barabarani.

Kuhusu jino, rudi kliniki uwaambie hela sina uso kwa uso, uliza wanaweza kugawa malipo, uliza jino lipi la lazima sasa na lipi linasubiri, mana zile bei wakati mwingine wameweka mpaka kusafisha kinywa kizima. Halafu piga kliniki nyingine ya mtu binafsi. Kliniki nyingi sasa hivi ni za makampuni makubwa, CMA wale wa ushindani wa biashara walifungua uchunguzi 2024 na wakasema kama asilimia 60 ziko chini ya makampuni hayo, wakati 2013 ilikuwa asilimia 10 tu, kwaio jina la mlangoni linaweza kuwa la Mzee Smith na mwenye mali ni yule yule wa kule ulikotoka. Uliza nani anamiliki.

Bi_Zuhura
Naunga mkono, na dawa za maumivu omba preskripsheni ya kuandikwa, ununue duka la dawa la mtandaoni lililosajiliwa, wanakutoza kidogo kuandika ila mara nyingi bado unaokoa. Na usithubutu kumpa paracetamol wala ibuprofen za nyumbani, zinaweza kumuua.

Facebook ya bure ACHA. Wa bure anachukuliwa na yeyote, hata wa kuzalisha na kuuza. Ikifika pabaya kabisa mpeleke chariti inayojulikana, lakini nao watakuuliza kwanza tukusaidie nini abaki kwako, mana vibanda vyao vimejaa na mbwa mwenye nyumba yake hawataki kumuingiza foleni.

MamaChapati
Jamani asanteni sana. Nimepiga PDSA, kweli wameniuliza benefiti nikasema sina ruhusa, yule dada wa simu alikuwa mstaarabu, akaniambia kwa matibabu kwao siwezi ila akanielekeza tawi la RSPCA. Tawi wamesema watachangia sehemu, kliniki waitume bili kwao moja kwa moja. Nimepata na daktari wa peke yake nje ya mji, kasema ang'oe hilo moja tu na salio nilipe kidogo kidogo. Bado nabaki na swali la chakula, benki ya hapa mtaani wana vya paka tu wiki hii.

Otis254
Sasa mathe, mimi niko Nottingham, sina mbwa tena, mbwa wangu alienda na ex 😅 lakini food yake ilibaki, mfuko mkubwa haujafunguliwa, expiry bado mbali. Ni ile kavu lakini, kwa hilo jino uiloweke maji ya vuguvugu kwanza. Jumamosi nakuja Leicester kununua unga na nyama ya mbuzi, nitext inbox tukutane hapo sokoni.