Naomba ushauri: pasi inachelewa kwenye PS5 kuliko PS4

Hamjambo wadau. Kwenye kibanda cha gemu hapa Kondele, Kisumu, gemu ya soka ya EA Sports FC 24 inachezwa kwa PS4 Slim yenye TV ya 1080p na kwa PS5 yenye TV ya 4K. Wateja wanalipa kwa mechi, na wale wakali wanaikimbia PS5 wakisema pasi inachelewa kutoka.

Kweli inachelewa. Nimerekodi kidole na skrini pamoja kwa simu, fremu 240 kwa sekunde (kila fremu ni kama milisekunde 4), nikahesabu toka kitufe kibonyezwe hadi mguu uanze kusogea. PS5 iko nyuma kwa fremu 12 hivi, yaani milisekunde 50. Kwa kona za kawaida huoni kitu, lakini kwa pasi ya mguso mmoja mpira unanyakuliwa.

Nimewasha modi ya gemu ya TV (inayopunguza uchakataji wa picha) kwenye tundu lilelile la HDMI linalotumika, nikazima HDR (mwanga na rangi za ziada), nikachomeka pedi zote kwa waya. Nilipohamishia PS5 kwenye TV ya 1080p, tofauti ilipungua zaidi ya nusu, kwa hivyo TV ina lawama kubwa. Haikuisha lakini.

Toleo la gemu la PS5 lina HyperMotionV (teknolojia ya EA ya mienendo ya wachezaji inayotokana na mechi halisi), la PS4 halina. Je, kuna aliyepima matoleo yote mawili ndani ya PS5 moja, TV ileile? Na kuiwekea PS5 itoe 1080p kwenye TV ya 4K kunapunguza ucheleweshaji, ama TV bado itakuza picha yenyewe?