Niliomba kalenda, ikanifutia na kitufe! Hii programu ya kuvuta komponenti imenichosha

Wakuu, nina hasira, mnisamehe lugha.

Nazungumzia shadcn, ile programu ya terminali (dirisha la kuandika amri) ambayo wengi humu mnaitumia kwenye React, maktaba ya kutengenezea kurasa za wavuti. Unaandika amri moja, unataja komponenti unayoitaka (kipande cha ukurasa, kama kitufe au kalenda), inakushushia msimbo wake kwenye folda ya mradi wako. Haukai node_modules, folda ya misimbo ya watu wengine, kama maktaba nyingine. Sifa yake kubwa ndiyo hiyo: msimbo ni wako, ubadilishe hadi aliyeuandika asiutambue. Nikaamini.

Mteja wangu ana duka la jumla Kariakoo. Wanunuzi wake wanaagiza kwa simu, na mtandao ukisuasua mtu anabonyeza "Lipa" mara tatu, nne. Kwa hiyo ndani ya button.tsx, faili la kitufe nililoshushiwa na programu hiyo, niliweka kufuli: ukibonyeza mara moja kitufe kinafifia na hakibonyezeki tena hadi jibu lirudi. Siku mbili nzima nimekihangaikia.

Ijumaa nikataka kubadilisha kalenda. Kalenda tu! Faili la zamani lilikuwepo, nikaongeza --overwrite kwenye amri ili iandike juu yake. Kumbe kalenda inategemea kitufe (si vile vimshale vya kuruka mwezi?), na ruhusa niliyoitoa kwa ajili ya kalenda ikakikumba na kitufe. button.tsx yangu ikarudi ilivyozaliwa. Terminali ikanipa tiki ya kijani na orodha ya faili mbili zilizosasishwa, basi.

Jumatatu saa mbili asubuhi, mswaki mdomoni, simu inaita. "Kaka, mtu anaagiza mchele mara moja, simu inamdai namba ya siri mara tatu. Mmoja keshalipa mara mbili, yuko hapa dukani ananifokea." Nafungua git diff, inayoonyesha msimbo ulivyobadilika: mistari yote ya kufuli nyekundu tupu, yaani imefutwa.

Najua mnachotaka kuandika. Kweli, sikuangalia kabla ya kukomiti (kuhifadhi mabadiliko kwenye git), niliandika "kalenda mpya" nikaenda zangu kula. Hilo ni langu. Lakini fundi uliyemwita apake rangi mlango hapaki na kabati eti kwa sababu ulimfungulia nyumba. Bila hilo neno --overwrite programu inajua kuuliza faili kwa faili. Sasa ilishindwaje kuniambia tu mapema kwamba na kitufe kinaguswa, nami nimeshakibadilisha?

Na si leo tu. React 19 ilipotoka Desemba 2024, kila nikiongeza kitu npm, kile kisakinishi cha maktaba, inagoma kwa ugomvi wa matoleo, naambiwa nichague --force au --legacy-peer-deps, zote za kusakinisha bila kujali ugomvi huo, yaani chagua kofi la kulia au la kushoto. Januari 2025 ikaja Tailwind 4, toleo jipya la zana ya kupamba kurasa, mipangilio yake ikahamia kwenye faili la CSS, na mifano niliyokuwa naifuata yote ni ya mtindo wa zamani. Bando likaishia kwenye majaribio.

Kwa sasa kitufe changu nimekihamishia folda nyingine, nimekiita kitufe-lipa.tsx, na nimepita ukurasa kwa ukurasa kubadilisha import, mstari unaoita kitufe. Mwenye njia safi zaidi anielekeze. Wale wa "hamia maktaba fulani" naomba mpite kimya kimya, bado nina watu wawili wa kurudishiwa hela za mchele.