Tupeane uzoefu: wasifu wa mzee wa Keya aliyefika Burma

Mtunza Kumbukumbu: Wakuu, wasifu zinazosomwa misibani mwa wazee wa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki enzi za ukoloni) zina kasoro moja. Ndoa, watoto na ugonjwa vinapewa aya nzima nzima, halafu miaka ya kuvuka bahari na kupigana inamezwa na mstari mmoja: "alishiriki Vita Kuu ya Pili." Wenye ujuzi wa kuitafuta njia aliyopita mzee, mwageni hapa.

Binti Keya: Anza na medali, maana hata mchwa wakila karatasi, zenyewe hubaki. Nyota za Waingereza za vita ile, yaani medali zenye umbo la nyota, zilitolewa bila jina, kwa hiyo usihangaike kulitafuta nyuma. Soma maandishi ya mbele na utazame utepe. Africa Star ni ya waliokuwa Uhabeshi au Somalia mpaka Novemba 1941, au Afrika Kaskazini mpaka 12 Mei 1943. Burma Star ina utepe wa buluu iliyokolea, mstari mwekundu katikati, na mwembamba wa rangi ya chungwa kila upande. Madagaska ya 1942 haikuhesabiwa kwenye Africa Star, kwa hiyo mzee aliyeitaja asishukiwe kwa kuikosa. Ile ya duara yenye simba juu ya joka la vichwa viwili ni War Medal. Siku 28 za utumishi zilitosha kuipata, hivyo peke yake haithibitishi kwamba mtu alivuka bahari.

Na tafadhali, msizisugue kwa dawa ya shaba. Kila ukisugua, nakshi inalika. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Msoma Ramani: Nyongeza kuhusu njia. Wengi walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru. Walipelekwa kwanza Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1943 kwa mafunzo, kwa hiyo mzee akitaja Kolombo hajachanganya habari. Mwaka 1944 walishuka Bonde la Kabaw huko Burma (Myanmar ya leo) katikati ya masika ya huko, matope, malaria na homa ya typhus inayoletwa na utitiri, mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Hapo lilijengwa daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vya kuunganishwa, la mita 350 hivi.

Ila msimwandikie kila mzee Kabaw! Brigedi ya 22 ilikuwa Arakan, upande wa pwani. Mzee akiwa hai, usimwulize "ulikuwa kikosi gani" ukaishia hapo. Mwulize alivuka mto gani, kwa mashua au kwa daraja, mizigo ilibebwa na nani, walikula nini mvua ikinyesha. Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha alikopita.

Fundi Picha: Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue. Unyevunyevu umegeuza utando wake kuwa gundi, na ukivuta, uso wa mtu unabaki kwenye kioo. Ipige picha hivyo hivyo, umeiinamisha kidogo mwanga usirudi. Iliyo huru iskani kwa dpi 600, mbele na nyuma, maana mhuri wa studio huwa nyuma. Majina andika kwa penseli laini pembezoni. Cheti cha kuachishwa jeshi msikipeleke kulaminishwa, ile plastiki haitoki tena.

Binti Keya: Jambo jingine linalopoteza watu: orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina waliofariki kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 tu. Mzee aliyerudi nyumbani akalima mpaka uzeeni hayumo, na si kwamba alidanganya.

Mtunza Kumbukumbu: Hapo mmenifungua macho. Urefu je, na medali siku ya mazishi?

Mshereheshaji: Maneno 600 yakisomwa taratibu ni dakika tano. Safari ipewe theluthi, na majina ya miji msomaji ayajaribu kwa sauti kabla. Kwa Waislamu maiti haisubiri, basi wasifu uwekwe kwa ajili ya hitima. Medali zilazwe juu ya mto mdogo wa kitambaa, na mwanafamilia akizivaa, ni kifua cha kulia. Kushoto ni kwa mwenyewe aliyezipata. Msizizike naye, wala msigawane moja moja. Zikitenganishwa, hakuna atakayejua tena zilikuwa za mtu mmoja.