Marubani na waongoza ndege, tupeane uzoefu wa redioni

Mtu wa Mnarani: Wakuu habari za zamu. Leo asubuhi rubani kamfokea dada ninayefanya naye kazi, "unanichomea mafuta hapa", dada akajibu kwa sauti ileile ya kazi, kamaliza zamu ndo akaenda kulia chooni. Imeniuma sana. Lini mligombana, lini mlielewana?

Karavani: Mimi nilishawahi kuwa huyo mfokaji. Masika, natoka kisiwani na abiria 12, mvua imefunga uwanja, nikaambiwa zunguka hapohapo usubiri. Dakika 10, 20, mbele yangu kuna ndege kubwa mbili, nikaanza maneno, mafuta kidogo nipe kipaumbele, naambiwa subiri, nikanuna nikakaa kimya, na ukweli nilikuwa naogopa kutamka meidei, lile neno la dharura redioni, sababu ya ripoti na bosi. Mara yule mama wa mnarani akauliza taratibu, nipe mafuta kwa dakika na idadi ya watu. Naangalia geji, dakika 35, na kufika nahitaji kama 15, nikiendelea kusubiri akiba inaliwa. Nikamwambia. Akauliza, unatangaza dharura? Koo lilinikauka wakuu. Nikasema meidei, mafuta. Hakunigombeza hata kidogo, zile kubwa zote mbili akazisogeza pembeni akanipitisha, ranwei, njia ya kutulia, nimekuja kuiona nikiwa chini kabisa, natua mikono inatetemeka, abiria mmoja ananipongeza eti umetua vizuri. Jioni nikapanda juu kumshukuru, namkuta yuko mwenyewe mezani toka asubuhi, mwenzake kaugua, chai yake imepoa mpaka imefanya utando. Tangu siku ile mafuta nayasema kwa dakika.

Zamu ya Usiku: Daah. Peke yako mezani toka asubuhi, hiyo naijua.

Mwalimu wa Grandi: Karavani umenikumbusha ajali ya ndege ya Avianca 52, New York, Januari 1990. Kapteni alimwambia msaidizi wake atangaze dharura, msaidizi akawa anaomba kipaumbele na kusema mafuta yanaisha, neno lenyewe halikutoka. Injini zikazimika, wakafa 73 kati ya 158. Ndo maana yule mama alikuuliza mwenyewe.

Mwanafunzi_172: Pole kaka, ila wengine wanapenda tu kutukalisha. Juzi nimesimamishwa dakika 3, ranwei tupu, ndege kubwa ilishaondoka.

Mtu wa Mnarani: Tupu kwa macho. Kubwa ikiruka inaacha upepo unaojizungusha nyuma yake, kandege kako kanaweza kubiringika. Kawaida ni dakika 2, ukiingilia ranwei katikati ndo 3. Uliingilia katikati?

Mwanafunzi_172: Ndio. Si ningeambiwa sasa?

Zamu ya Usiku: Redio ina ndege tisa, nikuanzishie darasa?

Karavani: Hapana, dogo ana haki. "Subiri, upepo wa ile kubwa" inachukua sekunde ngapi? Mtu akijua sababu hanuni.

Zamu ya Usiku: Na nyie mrudie maelekezo yote, sio "roja", yaani nimesikia, halafu kimya. Roja ya nini? Umesikia futi ngapi?

Karavani: Hilo nakubali.

Kapteni Bara: Mie dawa yangu ni shikamoo. Ukianza na "shikamoo mama" njia inafunguka yenyewe 😄

Mwalimu wa Grandi: Kapteni shikamoo ipeleke kwenye simu. Ajali ya ndege mbili uwanja wa Tenerife 1977, ndege ya KLM imeanza kukimbia kuruka bila ruhusa, mnara unasema subirini, wale wa ndege ya Pan Am wanasema sisi bado tupo kwenye ranwei, sauti mbili zikagongana, kule KLM ukasikika mlio tu. Wakafa watu 583. Redio ni ya mmoja kwa wakati.

Kapteni Bara: Sawa mwalimu, lakini sekunde moja ya utu haijawahi kuangusha ndege.

Mwalimu wa Grandi: Utu ni kuacha nafasi mwenzako naye asikike.

Zamu ya Usiku: Ukiwa na hasira kunywa maji kwanza ndo ubonyeze redio.

Kapteni Bara: Au sema palepale yaishe, ukiyabeba mpaka chini yanakuwa ugomvi wa mwezi.

Karavani: Mtu wa Mnarani, yule dada wa leo mpe pole zangu. Na huyo rubani mwambieni apande juu akae saa moja tu aone meza.

Mwanafunzi_172: Mimi je, naruhusiwa kuja?

Mtu wa Mnarani: Omba kupitia chuo chenu, barua ije ofisini kwetu mapema. Jumamosi asubuhi ndo kuna nafasi. Huyo dada atakuwepo zamu, utakaa pembeni yake.

Mwanafunzi_172: Barua naandika leo.