"Go off": king'ora kinalia, taa zinazimika. Nijifunze vipi vitenzi hivi?

Swali la Mwanagenzi

Ndugu zangu, salaam. Nimesoma Kiingereza kwa miaka mingi na sarufi yake ya kawaida hainipi taabu, lakini bado ninajikwaa kwenye vile vitenzi vinavyoundwa kwa neno fupi la kawaida likifuatwa na kijineno kama "up", "off", "out" au "on". Wiki iliyopita nilipewa kazini taarifa fupi niifasiri kwa Kiswahili, na ndani yake mlikuwa na sentensi "The alarm went off at five." Kwa kuwa nilijua kwamba "the lights went off" maana yake ni taa zilizimika, niliandika bila wasiwasi kwamba king'ora kilizimika saa kumi na moja. Kumbe king'ora kilianza kulia saa hiyo, na aliyeisoma tafsiri yangu akabaki kujiuliza ni nani aliyekizima kabla moto haujaonekana.

Tangu siku hiyo nimejaza daftari kwa orodha ya vitenzi vyote vinavyoanza na "get": "get up", "get by", "get over", "get along", "get away with". Nikifika cha ishirini, vya mwanzo vimeshachanganyika. Naomba kuuliza mambo mawili. Je, kuna mantiki yoyote ndani ya vijineno hivi, au kazi ni kukariri tu? Na kwa nini "turn it off" ni sahihi, lakini "look it after" ni kosa?

Jibu la Mfasiri

Ndugu Mwanagenzi, usijilaumu. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1755, alikwisha kueleza kwamba namna hii ya kugeuza maana ya kitenzi kwa kukifuatisha kijineno imeenea katika Kiingereza pengine kuliko katika lugha nyingine yoyote, na kwamba ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa zaidi. Wageni wa leo wanalia kilio kilekile.

Kabla hujaushangaa ugumu huo, mfikirie mtu anayejifunza Kiswahili akutane na "piga". Atajua kwamba ni kuchapa, kisha atasikia kwamba watu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga magoti, hupiga chafya na hupiga picha, na katika yote hayo hakuna anayeumia. Sisi hatukuyakariri hayo kwa orodha; tuliyasikia ndani ya sentensi mpaka yakatukaa. Tena lugha yetu hugeuza maana ya kitenzi kutoka ndani, kwa mnyambuliko, kiasi kwamba "shika", "shikilia" na "shikamana" ni mambo matatu tofauti. Mwingereza hana mnyambuliko wa aina hiyo, kwa hiyo kazi kama hiyo huifanya nje ya kitenzi, kwa kijineno.

Sasa turudi kwenye king'ora chako. Wazo la msingi la "off" ni kutengana au kuachia: kitu kilikuwa kimeshikamana mahali, kikabanduka. Umeme ukiiacha taa, taa inazimika. Lakini mtego nao ukiachia, unafyatuka. Bunduki, bomu na king'ora vyote ni vitu vilivyokaa vikisubiri kuachia, na ndiyo maana vyote vitatu hutumia "go off". Sisi wenyewe husema kwamba mtu ametegesha saa imwamshe, kana kwamba saa ni mtego, na ukilishika neno hilo "kutegesha" hutasahau tena maana ya "the alarm went off". Sidai kwamba hiyo ndiyo historia ya msemo. Ninachosema ni kwamba ndiyo njia iliyonisaidia mimi kuukumbuka.

Kijineno chenye faida kubwa zaidi kukijua ni "up". Maana yake ya kwanza ni juu, kama katika "stand up", lakini mara nyingi hudokeza kwamba jambo limefanywa hadi likakamilika. "Eat" ni kula, "eat up" ni kula chote kisibaki kitu. "Use up" ni kutumia hadi kitu kikaisha, "fill up" ni kujaza pomoni, na "tear" ni kuchana ilhali "tear up" ni kuchanachana. Angalia hapo jinsi Kiswahili kilivyorudia shina la kitenzi kwa ajili ya kazi ileile. Ukikutana na "up" usiyoijua, jaribu kwanza maana ya ukamilifu, na mara nyingi utaona mlango unafunguka.

Jibu la Mwalimu wa Jioni

Nakubaliana na Mfasiri, nami nitajibu swali la pili.

Siri iko kwenye kazi ya kijineno. Katika "turn off the light", neno "off" ni kielezi kilichoambatana na kitenzi, na kielezi kinaweza kuhama: "turn off the light" na "turn the light off" zote ni sahihi. Lakini shamirisho likiwa kiwakilishi, yaani "it", "him", "her" au "them", ni lazima likae katikati: "turn it off", kamwe si "turn off it". Katika "look after the child", kwa upande mwingine, "after" ni kihusishi, na kihusishi hakikubali kuachana na nomino yake wala kiwakilishi chake; kwa hiyo ni "look after him" tu. Usikariri kitenzi kikiwa peke yake. Kiandike daftarini kikiwa na "it" au "him" tangu siku ya kwanza, kama "call it off", "pick him up", "look after him", "get over it", na kanuni itakuwa imejificha ndani ya mfano wenyewe.

Sikio nalo husaidia. Mzungumzaji hukaza sauti kwenye kielezi, "turn it OFF", lakini katika "LOOK at it" mkazo huwa kwenye kitenzi. Maneno hayo mawili yakiungana kuwa nomino, mkazo huhamia mwanzo: gari "broke DOWN", lakini tukio lenyewe ni "a BREAKdown".

Niongeze kosa moja ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hulifanya sana. "Vaa" kwetu ni kitenzi kimoja, na tofauti huletwa na njeo: "anavaa" bado anahangaika na vifungo, "amevaa" ameshamaliza. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili, kwani "put on" ni tendo la kuvaa na "wear" ni hali ya kuwa umevaa. Ukisema "She was putting on a blue dress at the meeting", umewaambia watu kwamba alikuwa akivalia nguo mbele ya kikao.

Na hiyo orodha ya "get", ndugu yangu, ifunge. Vitenzi ishirini vinavyofanana mwanzo, vikikaririwa siku moja, hugombana kichwani.

Jibu la Msomaji Mkaidi

Wenzangu wameeleza vizuri, ila nawaomba wasimpe Mwanagenzi matumaini makubwa mno kuhusu mantiki ya vijineno. "The stars are out" maana yake ni nyota zimeonekana, na "the lights are out" maana yake ni taa zimezimika. Kijineno ni kilekile, usiku ni uleule, maana zimepeana mgongo. Bila shaka mtu anaweza kubuni maelezo ya kila kimoja baada ya kuambiwa maana yake, lakini maelezo ya namna hiyo hayamsaidii msomaji anayekutana na sentensi kwa mara ya kwanza. Nani angeweza kukisia kwamba "put up with" ni kuvumilia?

Mimi husoma sentensi nzima, nikabashiri maana kutokana na muktadha, kisha nikaithibitisha kwenye kamusi. Jambo jingine la kuangalia ni kiwango cha lugha. Mara nyingi kitenzi cha maneno mawili kina mwenzake wa neno moja wenye asili ya Kilatini au Kifaransa: "put off" na "postpone", "put up with" na "tolerate", "put out" na "extinguish". Katika mazungumzo, cha maneno mawili ndicho cha kawaida, na ukisema "Please extinguish the candle" mezani, watu watadhani unasoma tangazo. Katika barua rasmi, chagua cha neno moja ukiwa na shaka, ingawa si kila kitenzi cha maneno mawili ni cha mtaani. "Carry out", yaani kutekeleza, hukaa bila aibu ndani ya ripoti yoyote.

Mwanagenzi

Nawashukuru nyote. Nimeifunga orodha, nikaanza kuandika sentensi. Naomba Mwalimu anisahihishie hizi mbili: "The alarm went off, so I turned it off." Na ya pili: "I am looking forward to meet you."

Mwalimu wa Jioni

Ya kwanza haina kasoro, na sasa umeziweka "off" zote mbili mahali pamoja bila kugongana. Ya pili ina kosa moja. Hiyo "to" si ile inayotangulia kitenzi kama katika "I want to go", bali ni kihusishi, na kitenzi kinachofuata kihusishi huchukua "-ing": "I am looking forward to meeting you." Ukitaka kuhakikisha, weka nomino mahali pa kitenzi. "I am looking forward to the meeting" inakubalika, lakini "I want to the meeting" haikubaliki. Jaribu hivyohivyo kwa "be used to", ikiwa na maana ya kuzoea, kisha uniletee sentensi zako.