Simu imerisitiwa na sasa inadai akaunti ya zamani: nianzie wapi kurejesha namba na kumbukumbu za kikundi?

KatibuWaKibirizi

Ndugu wadau, salaam kutoka Kigoma. Naomba ushauri kuhusu jambo linalonikosesha usingizi, kwa kuwa halinihusu mimi peke yangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaouza dagaa hapa Kibirizi, na simu yangu ya Android ndiyo iliyokuwa ofisi ya kikundi: humo kulikuwa na namba za wateja wa Bujumbura, Kalemie na Dar es Salaam, picha za kurasa za daftari la hisa na mikopo nilizokuwa nikipiga kila tunapofunga kikao, pamoja na mazungumzo ya WhatsApp ambamo wateja huagiza mzigo na kuthibitisha malipo.

Wiki iliyopita simu iliganda kwenye nembo, ikawa inazima na kuwaka yenyewe, na fundi mmoja akairisiti kwa kubonyeza vitufe vya pembeni. Imewaka, lakini inadai nithibitishe akaunti ya Google iliyokuwamo. Anwani ya barua pepe naikumbuka, ila nenosiri silikumbuki, kwani tangu nilipoinunua simu sikuwahi kuulizwa tena. Fundi anasema anayo programu ya kuiruka akaunti hiyo, na kwamba kwa malipo mengine ataweza kuzivuta picha zote kutoka ndani ya simu kwa kompyuta. Je, nimlipe? Daftari lenyewe lipo, lakini kurasa kadhaa zililowa na wino umetawanyika, kwa hiyo picha ndizo tulizozitegemea. Laini yangu ni ile ile, na memori kadi bado ninayo.

FundiMwanga

Pole sana Dada Katibu. Tafadhali usilipe chochote kwa sasa, na usiruhusu mtu yeyote aendelee kuigusa simu hiyo.

Kudai akaunti ya zamani si hitilafu. Ni ulinzi ulioingizwa katika Android 5.1 mwaka 2015 ili mwizi akiirisiti simu ya watu asiweze kuitumia. Hata fundi akifanikiwa kuuruka, utakachopata ni simu iliyofunguka ikiwa tupu, kwa sababu namba na nakala rudufu zako, kama zipo, zimo ndani ya akaunti yenyewe. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuirudisha akaunti, na simu itafuata.

Chomoa laini yako uiweke kwenye kitochi ili upokee ujumbe wa namba ya uthibitisho. Kisha tafuta kompyuta au simu nyingine ambako uliwahi kufungua barua pepe hiyo, na ufanye zoezi hilo ukiwa mahali unapoitumia akaunti mara kwa mara, nyumbani au sokoni, kwa sababu Google huangalia kifaa na mahali inapopima kama anayeomba ndiye mwenye akaunti. Ingia kwenye ukurasa wa kurejesha akaunti, jibu maswali kwa utulivu, na ukishaweka nenosiri jipya usishangae simu ikikukatalia kwanza. Inaweza kukutaka usubiri hadi saa 24.

Kuhusu kuvuta picha kwa kompyuta, nasema kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wengi wakitoa fedha zao kwa ajili hiyo. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 au toleo la baadaye hufunga kila kilichomo ndani kwa usimbaji fiche, yaani hukigeuza kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, na kurisiti hufuta ufunguo huo. Baada ya hapo programu haitapata picha, hata ichakure namna gani.

Mhasibu_Kasulu

Naongeza kuhusu memori kadi, maana hapo huenda kuna bahati. Kama iliwekwa kama hifadhi ya kawaida ya kuhamishika, itie kwenye simu nyingine na utaona picha zilizohifadhiwa humo. Kama iliunganishwa na hifadhi ya ndani ya simu, nayo imesimbwa, na simu nyingine itakuomba uifomati. Ukiona ombi hilo, kataa na uichomoe.

MamaUjiji

Mdogo wangu, mimi nataka kukutuliza kuhusu fedha, kwani najua wanachama wataanza kuuliza. Salio la kikundi kwenye mitandao ya simu halikai ndani ya simu. Limefungwa kwenye laini. Hata kwenye kitochi utaliona kwa menyu ya kawaida, kwa mfano *150*00# kwa wanaotumia M-Pesa. Asije mtu akakuomba namba ya siri kwa kisingizio cha kurejesha fedha zako.

Jambo la pili, picha za daftari ulikuwa unazituma kwenye kundi la WhatsApp la wanachama? Kama ndivyo, huenda bado zimo kwenye simu za wenzako. Mwombe mweka hazina afungue kundi, aangalie sehemu ya picha, akutumie zote. Na ukishajisajili upya WhatsApp kwa namba ile ile, makundi uliyomo hurudi yakiwa na namba za wanachama wake hata kama mazungumzo ya zamani hayakurudi. Ikiwa wateja wako wamo kwenye makundi hayo, namba zao utazipata humo.

FundiMwanga

Nashukuru, Mama, hilo ni la maana sana. Nalikamilisha kwa onyo moja la WhatsApp. Ukishaweka namba na kupokea tarakimu sita za usajili, ambazo hutakiwi kumtajia mtu yeyote, programu itatafuta nakala rudufu kwenye Google na itakuuliza kama urejeshe. Usiharakishe kuruka hatua hiyo kwa sababu bando ni dogo. Ukiruka, ukaanza kuchati, nakala mpya iliyo karibu tupu inaweza kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Ni bora usubiri mpaka uwe na bando la kutosha na simu iko kwenye chaji. Kama uliwahi kuweka PIN ya hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp, na umeisahau, na hukuweka barua pepe ya kuibadilisha, utalazimika kungoja siku 7.

Vivyo hivyo wakati wa kuiwasha simu: ikikuuliza kama unataka kunakili programu na data, kubali, kwa kuwa kwenye simu nyingi hapo ndipo mahali pa kurejesha ujumbe mfupi, orodha ya simu zilizopigwa na mipangilio. Usiiweke kabatini kwa miezi, kwani nakala ya kifaa kisichotumika kwa siku 57 hufutwa.

KatibuWaKibirizi

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa. Akaunti imefunguka kwenye kompyuta ya shemeji yangu. Majina yote yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye akaunti yamerudi, wateja wa Bujumbura wakiwamo, isipokuwa machache ambayo inaonekana yaliandikwa kwenye simu tu. Mazungumzo ya WhatsApp yamerudi hadi Machi. Picha hazikuwamo kwenye akaunti, lakini mweka hazina amenitumia nyingi kutoka kwenye kundi, na za mwanzoni kabisa nimezikuta kwenye memori kadi. Kurasa tulizokuwa hatuzisomi sasa zinasomeka. Kwa nini WhatsApp iliishia Machi?

Mhasibu_Kasulu

Hongera sana. Inawezekana kabisa kwamba nafasi ilijaa. Google hutoa GB 15 bure, na nafasi hiyo inatumiwa kwa pamoja na barua pepe, Drive na picha. Tangu mwaka 2024 nakala za WhatsApp kwenye Android nazo zimeanza kuhesabiwa humo. Ikijaa, nakala mpya haziendi. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi nakala ya gumzo, uzime video, uchague kila siku, kisha usome tarehe ya nakala ya mwisho mara kwa mara. Kila namba mpya ya mteja ihifadhi kwenye akaunti ya Google na si kwenye simu.

Ukiamua kuifunga nakala ya WhatsApp kwa nenosiri, uwe makini, kwani ukilipoteza, WhatsApp yenyewe haiwezi kukufungulia. Kwa kuwa kumbukumbu hizi ni za kikundi, andika nenosiri hilo pamoja na la akaunti kwenye karatasi, mlitie kwenye bahasha iliyofungwa, na bahasha ikae ndani ya sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, ili hata ukisafiri kwenda Kalemie, wenye funguo waweze kuifungua mbele ya wanachama.